Picha za Wajukuu Mezani kwa Bibi

Krismasi ya mwaka 2021 tulipanda kwenda Marangu, mkoani Kilimanjaro, tukiwa na zawadi iliyotufanya tujione watoto wema kuliko watoto wote wa kijiji. Ilikuwa fremu ya picha ya kisasa, ile isiyotiwa picha ya karatasi bali huonyesha picha nyingi kwa zamu katika kioo kama cha televisheni ndogo. Wifi yetu aishiye Marekani ndiye aliyeinunua na kuituma, na sisi wakamwana wa Dar es Salaam tulipewa kazi ya kuifikisha kwa Mama, mama mkwe wetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 80.

Tuliifungua mbele ya ukoo mzima. Tukaichomeka katika umeme. Ikawaka, ikatoa maandishi ya Kiingereza, ikadai iunganishwe na intaneti, ikadai anwani ya barua pepe, ikadai neno la siri. Vijana waliosoma wakahangaika nayo mpaka pilau ikapoa. Usiku ukaingia haijaonyesha hata picha moja.

Kesho yake asubuhi tulimkuta Mama ameketi mbele yake. Fremu ilikuwa imezimwa. Mama alikuwa akijitazama katika kile kioo cheusi huku akikifunga vizuri kitambaa chake cha kichwani. "Asanteni sana, wanangu," alituambia. "Kile kioo changu cha zamani kilivunjika."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini ndani ya basi la kurudi Dar es Salaam hatukucheka tena. Maana hatukumpelekea Mama fremu ile kwa ajili ya pambo. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na kumbukumbu nayo ilikuwa inateleza. Majina ya wajukuu yalikuwa yanamtoka, na wengine waliozaliwa ng'ambo alikuwa hajapata kuwaona hata siku moja. Kila tulipompigia simu aliuliza, "Na yule mtoto mmoja, anafananaje?" Tulimwonyesha picha kwenye simu zetu wakati wa likizo, akazitazama kwa shida, kidole kikateleza, picha ikapotea. Tulitaka awe nao hapo mezani, watoto wake wote, awatazame kwa kadiri apendavyo.

Mama msomaji, huenda nawe una mzazi au mkwe wa namna hii. Huenda unafikiria kumnunulia fremu kama hiyo. Tumeona tuandike yale tuliyojifunza kwa kukosea, ili fedha yako isiishie kuwa kioo cha kufungia kitambaa.

Tulikosea wapi?

Tulipochunguza baadaye tuligundua kwamba fremu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa tu imetengenezwa kwa ajili ya nyumba nyingine.

Fremu hizi, kwa jumla, ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hupokea picha kwa njia ya intaneti. Mjukuu aliye Mwanza au Minneapolis hupiga picha kwa simu yake, huituma, nayo hutokea mezani kwa bibi baada ya muda mfupi. Ni jambo zuri kwelikweli. Kwa mzazi aishiye katika nyumba ya mjini yenye intaneti, tena mwenye kijana wa kumsaidia, hatuna sababu ya kuikataa. Lakini inahitaji nyumba iwe na waifai (jina ambalo Waingereza huliandika kama wifi wetu wa Kiswahili, na siku ile wote wawili walitupa kazi). Inahitaji bando lisilokwisha. Inahitaji neno la siri na mtu wa kulikumbuka. Tena inategemea kampuni ya mbali iendelee kutoa huduma yake. Siku kampuni ikiacha, fremu inaweza kubaki bila kazi ingawa kioo chake ni kizima.

Aina ya pili haijui habari za intaneti hata kidogo. Picha hutiwa katika kadi ndogo ya kumbukumbu au katika flashi, ambayo huchomekwa ubavuni au nyuma ya fremu. Ukiwasha umeme, picha zinaanza kupita moja baada ya nyingine. Haina akaunti, haina neno la siri, haina bando, na hakuna mtu wa mbali awezaye kuziona picha za familia yako. Hii ndiyo iliyofaa nyumba ya Mama, ambako ili kupata mtandao mzuri wa simu inabidi utoke nje ukasimame ukingoni mwa migomba.

Anza na yule anayekaa na mzazi

Kosa letu kubwa zaidi, hata hivyo, halikuwa la mashine. Tulikuwa tumepanga habari za zawadi ile kwa miezi miwili, simu zikienda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Marekani, wala hakuna aliyemwuliza mke wa shemeji yetu kitindamimba. Yeye na mumewe ndio wanaoishi katika kihamba pamoja na Mama. Yeye ndiye anayempikia, anayemwogesha, anayempeleka kliniki, anayeamka usiku Mama anapoita. Sisi tulikuwa watoa zawadi. Yeye ndiye angekuwa fundi, msomaji wa Kiingereza na mjibu maswali, juu ya kazi zote alizo nazo.

Tulipomwuliza hatimaye, alitujibu kwa upole, lakini tulisikia aibu. Alisema, "Dada zangu, mimi naamka saa kumi na moja alfajiri. Nina ng'ombe wawili, nina watoto wa shule, nina Mama. Nileteeni kitu ambacho nikishakichomeka kinajiendesha chenyewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa kipimo chetu tuliporudi dukani. Tunakushauri nawe ukifanye kipimo chako. Kabla hujaangalia bei wala rangi, mpigie simu yule anayekaa na mzazi. Mwulize: Soketi iko wapi? Umeme hukatika mara ngapi? Mama hukaa kiti gani mchana? Anaona vizuri kwa jicho lipi? Majibu yake yatakuonyesha fremu ya kununua kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Mambo ya kuangalia dukani

Safari ya pili tulikwenda dukani tukiwa na kadi yetu wenyewe mfukoni, yenye picha zetu 20. Hili ni jambo la kwanza tunalokusihi. Usikubali kuonyeshwa zile picha nzuri za maua na milima zilizowekwa na kiwandani. Chomeka kadi yako, uone nyuso za watu wako zinavyotokea. Kisha angalia haya yafuatayo.

Kwanza, je, inajiwasha yenyewe? Mwombe muuzaji achomoe waya katika umeme, asubiri kidogo, kisha achomeke tena pasipo kugusa kitu kingine chochote. Fremu nzuri itawaka na kuanza kuonyesha picha zako moja kwa moja. Fremu nyingine hurudi kwenye ukurasa wa kuchagua: picha, muziki, kalenda, saa. Hiyo iache dukani. Kwa mzazi asiyejua kubonyeza, kila umeme ukikatika itakuwa imekufa mpaka mtu apite.

Pili, ukubwa na uangavu. Fremu hupimwa kwa inchi kutoka pembe hadi pembe. Ya inchi 7 haizidi sana simu kubwa; kwa macho ya mzee inchi 10 ndiyo ya kuanzia. Tazama pia idadi ya nukta zinazounda picha. Fremu ya inchi 10 yenye nukta 1280 kwa 800 huonyesha uso safi kuliko yenye 1024 kwa 600. Halafu simama ubavuni uitazame kwa pembeni. Vioo vya aina iitwayo IPS huonyesha rangi vizuri hata ukitazama kwa upande, lakini vile vya hali ya chini hugeuza nyuso kuwa nyeusi au nyeupe kama mzimu. Mzee hakai kama askari mbele ya fremu. Hulala kitini, huegemea, hugeuka.

Tatu, vitufe au mguso? Sisi tulipendelea isiyo ya kugusa. Vidole vya wazee huwa vikavu na vinatetemeka, na mara nyingi kioo cha mguso ama hakivisikii, ama huvisikia mahali visipokusudia. Vitufe vikiwa nyuma ya fremu, mzazi hawezi kuviharibu kwa bahati mbaya. Kama kuna rimoti, mpe yule anayekaa naye aitunze kabatini.

Nne, jihadhari na kile kifaa kinachozima kioo kisipoona mtu akitembea. Kimewekwa ili kuokoa umeme, nacho kinafaa ofisini. Lakini bibi anaweza kukaa saa nzima bila kujisogeza, akitazama picha, na fremu ikadhani chumba hakina mtu. Hakikisha kinaweza kuzimwa.

Tano, zima sauti. Fremu nyingi zina muziki na milio ya vitufe. Kwa mtu mwenye usahaulifu, mlio usiojulikana unakotoka huleta hofu tu.

Sita, soma maandishi madogo yaliyo kwenye adapta, hasa ikiwa imenunuliwa ng'ambo. Umeme wetu wa Tanzania na Kenya ni wa volti zipatazo 230 hadi 240, na soketi zetu ni za matundu matatu. Adapta ikiandikwa 100–240V, salama. Tafuta tu plagi inayoingia. Ikiandikwa 120V peke yake, kama baadhi ya vifaa vya Marekani, usiichomeke, itaungua. Nunua nyingine inayolingana nayo.

Huenda ukauliza habari za gharama ya umeme. Fremu yetu ina adapta ya volti 5 na ampea 2, yaani haiwezi kula zaidi ya wati 10. Ikiwaka saa 12 kila siku kwa siku 30, haitazidi uniti 3.6 kwa mwezi. Kwa nyumba zenye sola ndogo jambo hili lina maana. Tena fremu ya volti 5 inaweza kuendeshwa hata kwa ile betri ya kuchajia simu umeme unapokatika.

Kadi na namna ya kuiandaa

Hapa ndipo wengi hukwama na kurudisha fremu dukani wakidhani ni mbovu. Kwa kweli si jambo gumu.

Usinunue kadi kubwa mno. Picha moja ya simu aghalabu ni megabaiti 3 au 4. Picha 200 za megabaiti 3 ni megabaiti 600, hata gigabaiti moja haijafika. Kadi ya gigabaiti 8 au 16 yatosha kabisa. Isitoshe, kadi zinazozidi gigabaiti 32 hutayarishwa kwa namna nyingine ya kupanga kumbukumbu, na fremu nyingi rahisi haziwezi kuzisoma.

Picha ziwe za muundo wa JPEG, ambao kila fremu inaujua. Tangu mwaka 2017 simu nyingi za iPhone huhifadhi picha kwa muundo mwingine, HEIC, na fremu rahisi huruka picha hizo kana kwamba hazipo. Ndivyo ilivyotutokea: picha zote za wajukuu wa Marekani hazikutokea, na nusura tumlaumu muuzaji bure. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu hiyo na kuchagua muundo unaokubalika na vifaa vyote, au kutumiwa picha kwa WhatsApp, ambayo kwa kawaida huzileta zikiwa JPEG. Ni kweli kwamba WhatsApp huzipunguza ukubwa, lakini kwa kioo cha inchi 10 bado zinatosha.

Picha nyingine zitalala ubavu. Simu huandika ndani ya picha upande wa juu uko wapi, lakini fremu za bei nafuu huwa hazisomi maandishi hayo. Ifungue picha hiyo kwenye simu au kompyuta, igeuze, uihifadhi upya.

Ukitaka picha zifuatane kwa mpango, zipe majina ya namba: 001, 002, 003. Kisha weka muda wa kila picha. Kiwandani huwekwa sekunde 3 au 5, jambo linalochosha hata vijana. Sisi tuliweka dakika moja. Kwa picha 60, mzunguko mzima ni saa moja, na Mama hupata nafasi ya kumtazama mtu, kumtafuta katika kumbukumbu, na kumpata.

Onyo moja la usalama: mwaka 2008 baadhi ya fremu zilizouzwa Marekani ziligundulika kuwa na virusi vya kompyuta tangu kiwandani. Kwa hiyo usiiunganishe fremu mpya moja kwa moja na kompyuta ya ofisini. Tumia kadi, na kompyuta yenye kinga ya virusi.

Picha zipi?

Mwanzoni tulijaza kadi kwa picha 400. Zilikuwamo za harusi zenye watu 30, za mahafali, za magari, za keki. Mama alizitazama kwa adabu, kisha akalala. Ni mke wa shemeji yetu aliyegundua kwamba Mama huamka na kusogea mbele zinapopita picha chache tu: zile zenye uso mmoja au nyuso mbili, kubwa, zikimtazama yeye. Tukapunguza hadi 60. Jicho lenye ukungu wa mtoto wa jicho haliwezi kumchambua mjukuu katikati ya maharusi na wasimamizi.

Halafu tuliandika majina. Simu nyingi zina njia ya kuandika juu ya picha. Tuliandika chini ya kila picha, kwa herufi kubwa nyeupe, jina la mtoto na jina la mzazi wake. Kwa njia hiyo mgeni anayeketi na Mama anaweza kumsomea, na Mama haoni aibu ya kusahau.

Lakini picha zilizomfungua kinywa Mama hazikuwa za wajukuu. Zilikuwa zile za kale. Alikuwa na picha chache katika bahasha chini ya godoro, nyingine zimeliwa na unyevu: picha ya arusi yake ya mwaka 1960, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio mjini Moshi, picha ya kwaya ya akina mama wa usharika, picha ya mumewe akiwa amesimama kando ya mibuni. Tulizinakili kwa simu tu. Tuliilaza kila picha karibu na dirisha, mbali na jua kali, bila kuwasha taa ya simu, simu ikiwa imenyooka juu yake ili picha isipinde. Kama kuna steshenari yenye skana karibu nawe, ni bora zaidi. Waombe wanakili kwa kipimo cha nukta 600 kwa inchi. Ukimaliza, geuza kila picha uandike kwa penseli upande wa nyuma ni nani na ni wapi, wakati bado yuko mtu wa kukuambia.

Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee anaporudia-rudia habari za zamani, hiyo si dalili ya akili kuharibika, bali ni kazi ya kawaida ya uzee: anayapitia maisha yake na kuyapanga. Siku hizi watu wanaowahudumia wazee wenye usahaulifu hutumia picha na vitu vya zamani kuwasaidia kuzungumza. Sisi tuliliona jambo hilo kwa macho yetu. Mama asiyekumbuka kama amekunywa chai alitutajia majina ya wanakwaya wote kwa mistari, sauti ya kwanza hadi ya nne, na nani alikuwa akichelewa mazoezi.

Mtoto aliyekosekana

Sasa tuseme lile lililotuuma.

Mama alizaa watoto saba. Mmoja wao, shemeji yetu wa tatu, alifariki mwaka 2009. Katika kadi ya kwanza tuliweka picha yake akiwa mtu mzima, amevaa shati jeupe, anacheka. Picha ile ilipotokea Mama aliuliza, "Huyu atakuja lini?" Mke wa shemeji yetu akamweleza ukweli, taratibu. Mama akalia kama aliyepata habari siku hiyo. Saa moja baadaye picha ikazunguka tena. Mama akauliza tena.

Tulipopata habari hiyo tulifanya haraka. Tuliandaa kadi nyingine bila picha yake, tukaituma kwa basi. Tuliona tumefanya jambo la huruma. Hatukumwuliza Mama, tungemwulizaje?

Miezi ikapita kwa amani. Kisha Pasaka ya mwaka 2023 tulipokuwa tumeketi naye, siku ambayo akili yake ilikuwa safi kama maji ya mfereji, alinyosha kidole kwenye fremu akasema, "Mimi nilizaa saba. Hapa mnanionyesha sita. Mmoja mmemficha wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ni yeye mwenyewe aliyeendelea. "Najua amekufa. Nilimzika. Lakini ni wangu."

Jioni ile tulizungumza sana, wakamwana na mawifi, jikoni. Tulitambua kwamba tulikuwa tumejihurumia wenyewe: tulitaka kuepuka machozi yake kwa sababu yalitutaabisha sisi. Na mke wa shemeji yetu, ambaye ndiye hasa aliyeyabeba machozi hayo kila siku, ndiye aliyesema arudishwe. Akatupa na njia. Tulimrudisha, ila si kwa ile picha ya shati jeupe. Tuliweka picha yake akiwa mtoto wa miaka sita hivi, ameshika kikapu cha kahawa, magoti yana vumbi. Na anapouliza, "Huyu yuko wapi?" hatukimbilii tena kutangaza msiba, wala hatumdanganyi kwamba anakuja. Tunamwambia, "Huyu ni mwanao, Mama. Tuambie alikuwa mtoto wa namna gani." Naye hutuambia. Siku nyingine hukumbuka mwenyewe kwamba amekufa, akanyamaza, nasi tunanyamaza naye. Siku nyingine hucheka.

Hatusemi kwamba njia hii itamfaa kila mzazi. Wako ambao picha ya marehemu huwaumiza kupita kiasi, nao waondolewe. Tunalosema ni kwamba usiamue peke yako ukiwa mjini. Mtazame mzazi anapoitazama, msikilize anayekaa naye, na uwe tayari kubadili. Na picha za mazishi, zile za jeneza na mashada, zibaki katika albamu.

Mahali pa kuiweka

Iweke mezani usawa wa macho ya mzazi akiwa ameketi, umbali wa kama hatua moja au mbili. Isielekee dirisha wala mlango, maana mwanga ukipiga kioo yeye ataona mwanga tu. Iwe mbali na moshi wa kuni na mvuke wa jikoni. Waya upite ukutani, ufungwe vizuri, usikatize njia anayopita. Mzee akijikwaa, zawadi hiyo imekuwa ugonjwa. Usiku izimwe. Fremu nyingi zina saa ya kujizima na kujiwasha. Chunguza kama saa hiyo haipotei umeme unapokatika. Ikiwa inapotea, soketi yenye swichi yatosha: shemeji yetu huizima anapofunga mlango na kuiwasha anapoufungua.

Haiendi kwa niaba yetu

Wifi yetu wa Marekani alisikitika mwanzoni. "Kwa hiyo siwezi kumtumia Mama picha mwenyewe?" Anaweza, ila zinapitia kwetu. Tumenunua kadi mbili. Moja iko ndani ya fremu, nyingine iko Dar es Salaam tunaitia picha mpya. Kila mtu anayepanda huchukua kadi mpya na kurudi na ile ya zamani.

Tulidhani hiyo ni kasoro ya fremu isiyo na intaneti. Sasa tunaiona vingine. Fremu ile ya kwanza ingeturuhusu kumtumia Mama picha mwaka mzima bila kukanyaga kwake, nasi tungejisifu kwamba tuko naye. Hii inadai mtu apande. Na anayepanda hufika, huketi, hubadilisha kadi, na Mama humwuliza, "Haya, niambie, huyu ni nani?" Amri ya kuwaheshimu wazazi haikusema tuwapelekee mashine.

Mwezi uliopita mmoja wetu alipanda na kadi mpya. Ilikuwa na picha ya mtoto mchanga, kitukuu, aliyezaliwa Minneapolis. Mama aliitazama kwa dakika yake moja yote. Ilipopita, alimwomba mke wa shemeji yetu airudishe, akaitazama tena. Kisha akamgeukia mgeni wake akamwuliza, "Na wewe, umekula?"